Bunduki ya Usiku au Zizi Imara?

Kupotewa na mbuzi mmoja si hasara ndogo katika nyumba ya mkulima. Mbuzi ni karo ya mtoto, ni dawa ya mgonjwa, ni akiba isiyohitaji kitabu cha benki. Kwa hiyo si ajabu kwamba katika Kaunti za Migori na Homa Bay, watu wakutanapo barazani kuzungumza habari za mbweha na fisi waingiao mabomani usiku, shauri moja hutolewa upesi: aletwe mtu mwenye bunduki na tochi kali, azunguke mashambani usiku kucha, awapige wanyama hao mpaka waishe.

Shauri hilo halitokani na ukatili, latokana na uchungu. Mtu aliyeamka alfajiri akakuta damu na manyoya mahali alipolala mwana-kondoo wake hawezi kulaumiwa akitamani bunduki. Lakini uchungu si mshauri mwema siku zote. Yafaa kupima jambo hili kwa utulivu, na kuuliza maswali matatu. Je, kuwapiga mbweha usiku huwapunguza kweli? Je, kwaweza kufanywa bila hatari katika nchi iliyojaa watu? Na je, iko njia nyingine ipunguzayo hasara kwa gharama ndogo zaidi?

NCHI YA MASHAMBA NA YA WANYAMA

Migori na Homa Bay, ambazo zamani zilikuwa ndani ya wilaya moja ya South Nyanza, ni nchi ya wakulima wadogo. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019, kila moja ya kaunti hizo ilikuwa na watu zaidi ya milioni moja na laki moja. Mashamba ya mahindi, mtama, mihogo na viazi vitamu yamepakana na malisho ya ng'ombe na mbuzi. Na upande wa Awendo, tangu kampuni ya sukari ya South Nyanza ilipoanzishwa katika miaka ya 1970, mashamba ya miwa yameenea sana. Miwa iliyokomaa ni kichaka kama kichaka kingine chochote, na mnyama apendaye kujificha mchana hupata humo kivuli na ukimya.

Tena nchi hii imepakana na pori. Upande wa mashariki wa Migori, nchi ya Wakuria yakaribia Trans Mara, na nyuma yake ni mbuga kubwa ya Maasai Mara. Katika Homa Bay liko Bonde la Lambwe, ambalo kwa miaka mingi watu walilikimbia kwa sababu ya mbung'o na ugonjwa wa malale. Mwaka 1966 sehemu ya bonde hilo ilitengwa kuwa hifadhi ya wanyama, na mwaka 1983 ikawa Mbuga ya Taifa ya Ruma, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 120. Humo wamo fisi, chui, mondo, nyegere na mbweha.

Mnyama wa usiku hajui mpaka wa mbuga wala hati ya shamba. Ajuacho ni harufu ya chakula. Kwa sababu hiyo wakulima waishio kandokando ya Ruma na wale wa mpakani mwa Trans Mara ndio waoneao zaidi uzito wa jambo hili.

MBWEHA NI MNYAMA GANI?

Watu wengi huita mbweha kila mnyama mdogo afananaye na mbwa aonekanaye usiku. Lakini wako wa aina mbalimbali, na tabia zao si moja. Yuko mbweha wa mgongo mweusi, ambaye ndiye shujaa wa kunyakua wana-kondoo na wana-mbuzi. Yuko mbweha wa miraba, mwenye mstari mweupe ubavuni, ambaye hupenda nchi yenye vichaka na maji. Huyu hula zaidi panya, wadudu na matunda, ingawa kuku asiyefungiwa hamwachi. Yuko tena mbweha mwenye masikio makubwa, akaaye mbugani penye nyasi fupi. Chakula chake kikubwa ni mchwa, na kwa mfugaji hana hatia yoyote.

Mbweha huishi mume na mke, na kila jozi ina eneo lake inalolilinda lisiingiliwe na wengine. Mimba yake huchukua muda wa miezi miwili hivi, na huzaa kwa kawaida watoto watatu hadi sita. Mara nyingi watoto wa mwaka uliopita hubaki nyumbani wakisaidia kuwalisha wadogo zao. Kwa mwaka mzima jamaa hiyo hula panya wengi sana, na kila panya aliwaye ni mahindi yaliyosalimika ghalani. Faida hiyo haionekani kwa macho kama ionekanavyo hasara ya mwana-mbuzi, lakini ipo.

Fisi ni habari nyingine. Ana nguvu, taya zake huvunja mfupa wa ng'ombe, na wakiwa kundi huweza kumwangusha ndama au hata ng'ombe mzima. Wajaluo humwita ondiek, na hapana mtoto wa kijijini asiyejua jina hilo. Hatua zimtoshazo mbweha hazimtoshi fisi, na kuwachanganya wawili hao ni mwanzo wa makosa.

JINSI WAZUNGU WAWINDAVYO MBWEHA USIKU

Uwindaji wa usiku wa taa ni desturi ya zamani katika nchi za Ulaya. Uingereza, sheria iliyopitishwa mwaka 2004 ilikataza kuwawinda mbweha kwa makundi ya mbwa, lakini mkulima bado aruhusiwa kuwapiga kwa bunduki, hata usiku. Kwa kawaida hufanya hivyo kabla ya kondoo kuzaa. Wawili huenda pamoja kwa gari, mmoja akishika taa na mwingine bunduki. Taa ikimulika malishoni, macho ya mbweha hung'aa mfano wa makaa. Mwindaji huiga kilio cha sungura, mbweha husogea, na risasi hutoka. Siku hizi wengine hutumia darubini zionyeshazo joto la mwili gizani.

Yafaa kukumbuka namna ya nchi ambamo kazi hiyo hufanywa. Malisho ni mapana, nyumba ziko mbalimbali, mwindaji alijua shamba kabla ya jua kutua, na hapigi risasi pasipo na kilima au udongo nyuma ya mnyama. Mbweha wa huko pia ni mnyama mwingine, yaani yule mwekundu wa Ulaya. Hata hivyo wakulima wa huko hawasemi kwamba mbweha wamekwisha. Kila mwaka kazi huanza upya.

SOMO LA AFRIKA KUSINI

Nchi yenye kisa kilicho karibu zaidi na cha wafugaji wa Kenya ni Afrika Kusini, kwa maana huko yuko mbweha yule yule wa mgongo mweusi. Tangu mwaka 1656, siku za Jan van Riebeeck, watawala wa Rasi walitoa fedha kwa kila aliyeua simba, fisi au chui. Baadaye vita hivyo vilielekezwa kwa mbweha pia. Katika miaka ya 1880 wafugaji wa kondoo waliunda vyama vya kuwawekea wanyama sumu, na serikali ikavisaidia. Mwaka 1912 ikapitishwa sheria ya kusaidia kujenga nyua za waya ambazo mbweha hawezi kupenya.

Matokeo yalikuwaje? Simba walitoweka katika mashamba yale. Fisi wakatoweka karibu kote. Lakini mbweha, aliyepigwa risasi, akategwa, akawindwa kwa mbwa na kulishwa sumu kwa vizazi vingi, yupo hata leo, na wafugaji wa huko wangali wakilia juu yake.

Sababu yake ilielezwa na wataalamu wa Afrika Kusini katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016. Waliwalinganisha mbweha wa mashambani, ambako huwindwa sana, na mbweha wa mbuga zilizohifadhiwa. Wakaona kwamba wale wanaowindwa huanza kuzaa wangali wadogo, na majike wao hubeba mimba za watoto wengi zaidi. Tena nafasi iliyoachwa na mbweha aliyeuawa hujazwa na kijana atokaye mbugani, ambaye alikuwa akitafuta pa kukaa.

Jambo hili laweza kueleweka kwa hesabu ya darasani. Chukulia tarafa yenye jozi kumi za mbweha, yaani wakubwa ishirini. Kila jozi ikilea watoto watatu hata wakakua, mwaka huo huongezeka mbweha thelathini. Mwenye bunduki akikesha na kuua kumi na watano, watu watamshangilia. Lakini ameua nusu tu ya nyongeza ya mwaka mmoja, na wakubwa waliosalia sasa wana chakula tele na nafasi tele ya kuzaa. Ili idadi ipungue kweli, yampasa aue wengi zaidi ya wanaozaliwa, katika tarafa zote kwa pamoja, mwaka baada ya mwaka, wala asichoke. Karibu na mbuga kama Ruma, ambako wengine hutoka kila siku, kazi hiyo ni kama kuteka maji kwa pakacha.

Liko na jambo la pili. Si kila mbweha anayekula mifugo. Jozi iliyozoea panya na wadudu, ikikaa karibu na boma pasipo kugusa mbuzi, huwazuia mbweha wageni wasiingie katika eneo lake. Mwenye kupiga kila macho yang'aayo huweza kumwua mlinzi na kumkaribisha mwizi.

RISASI HAINA MACHO

Hatari ya watu ni kubwa kuliko hayo yote. Risasi ya bunduki ndogo kabisa ya kuwindia yaweza kwenda zaidi ya kilomita moja isipozuiwa na kitu. Katika Migori na Homa Bay, ni wapi mtu awezapo kusimama usiku akapiga upande wowote, na ndani ya kilomita moja pasiwe na nyumba, njia ya miguu, au mtu? Wavuvi huenda ziwani kabla ya mapambazuko. Wanawake huamka kwenda sokoni. Wanafunzi hurudi kutoka masomo ya jioni. Walinzi wa mashamba hulala katika vibanda vya nyasi. Hakuna hata mmoja kati yao anayeonekana katika mwanga wa tochi.

Hata macho yang'aayo hayatoshi kumjulisha mtu ni mnyama gani. Macho ya mbwa hung'aa, ya paka hung'aa, ya mbuzi na ndama hung'aa, na ya komba aliye mtini hung'aa pia. Mwenye haraka ataua mbwa wa jirani, na kesho yake pataanza kesi baina ya watu walioishi pamoja kwa amani tangu zamani za babu zao.

SUMU NA TANZI

Wako wanaosema, «Basi kama bunduki haifai, sumu yatosha.» Hili ni kosa kubwa zaidi. Katika Kenya watu wamewahi kutia dawa ya wadudu iitwayo carbofuran katika mizoga ili waue simba na fisi. Mnyama mla nyama hufa, lakini tai wanaoshuka juu ya mzoga ule hufa pia, mara nyingi kwa makumi. Tai ndio wafagiaji wa nchi. Wakitoweka, mizoga huoza, mbwa wazururaji na mbweha huijia, nao hushiba na kuongezeka. Hivyo mtu aliyetega sumu ili awapunguze mbweha amewaandalia karamu. Tena mtoto, kuku au mbwa wa nyumbani aweza kugusa sumu ile.

Tanzi la waya nalo halichagui. Katika Ruma wamo swala wakubwa waitwao korongo, wenye pembe zilizopinda kwenda nyuma na uso wa rangi nyeusi na nyeupe. Hapana mahali pengine katika Kenya waliposalia. Hesabu ya wanyamapori ya taifa ya mwaka 2021 ilikuta korongo 15 tu. Tanzi moja lililotegwa ukingoni mwa bonde, hata kama aliyelitega alimkusudia fisi, laweza kumnasa mmoja katika hao wachache. Mtu huyo atakuwa ameondoa sehemu kubwa ya urithi wa nchi nzima kwa waya wa shilingi chache.

SHERIA YASEMAJE?

Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Sheria itumikayo sasa ni ile ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013. Kwa sheria hiyo, kuwinda kwa mchezo na kuwinda kwa ajili ya kitoweo ni makosa, na adhabu zake ni nzito. Bunduki nayo haimilikiwi ila kwa cheti halali, na bunduki za kuundwa kienyeji ni hatia kabisa.

Kazi ya kumdhibiti mnyama mharibifu imewekwa mikononi mwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lililoanza kazi mwaka 1990. Shirika hilo lina askari waliofundishwa kazi hiyo. Wakiitwa, huchunguza nyayo, huweza kuwafukuza wanyama, kuwatega na kuwahamisha, na inapolazimu, kumpiga risasi mnyama yule yule aliyezoea kuua. Hapo ndipo bunduki ya usiku ina mahali pake halali. Fisi mmoja aliyejifunza kuvunja maboma, au mnyama mwenye kichaa, si wa kungojewa. Lakini tofauti ni kubwa baina ya kumwondoa mhalifu ajulikanaye na kupiga ovyo kabila zima.

Kuhusu malipo, sheria ya 2013 iliweka kamati katika kila kaunti ya kupokea madai. Mtu akiuawa na mnyama aliyetajwa katika orodha ya sheria, jamaa zake wanastahili shilingi 5,000,000. Akijeruhiwa na kupata kilema cha kudumu, shilingi 3,000,000. Hasara ya mifugo hudaiwa kwa bei ya soko. Mfugaji yampasa ajue kwamba fisi na chui wamo katika orodha ya hasara ya mifugo, lakini mbweha hayumo. Malipo pia yamejulikana kuchelewa. Basi kwa mwenye kuku na wana-mbuzi, tegemeo la kwanza ni ulinzi wake mwenyewe.

KUMTAMBUA MWIZI

Kabla ya kuchukua hatua yoyote, yafaa mkulima amjue aliyemwibia. Asiukimbilie mzoga na kuukatakata nyama, autazame kwanza.

Mbweha huchukua mnyama mdogo. Humwuma kooni, hufungua tumbo karibu na mbavu, na hula kwa usafi. Mwana-mbuzi aweza kutoweka mzima, pasibaki ila damu kidogo.

Fisi hula kwa fujo. Mifupa mikubwa huvunjwa, vipande hukokotwa mbali, na mavi yake yakikauka huwa meupe kama chokaa. Nyayo zake za mbele ni kubwa kuliko za nyuma.

Chui huua kwa kukaba koo, na huweza kuupandisha mzoga mtini. Nyayo zake hazionyeshi kucha.

Mbwa wazururaji huua kwa mchezo. Huuma miguu, mapaja na masikio, huwajeruhi kondoo wengi kwa usiku mmoja, na mara nyingi hawali sana. Jambo hili ni muhimu, kwa sababu mara nyingi mbweha na fisi hulaumiwa kwa kazi ya mbwa wa kijijini ambao wenyewe hawawafungi wala kuwalisha.

Mkulima mwenye simu apige picha ya mzoga na ya nyayo, akiweka kiberiti kando yake ili ukubwa uonekane, kisha awajulishe naibu wa chifu na kituo cha KWS. Picha hiyo itamsaidia askari kujua amtafute nani, na itamsaidia mkulima katika dai lake.

UKUTA WA WAZEE

Hakuna haja ya kwenda mbali kutafuta fundisho la zizi. Katika Nyatike, Kaunti ya Migori, ziko kuta za Thimlich Ohinga, ambazo mwaka 2018 ziliandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Kuta hizo zadhaniwa kuwa zilianza kujengwa katika karne ya 16. Ni mawe matupu yaliyopangwa kwa ustadi bila saruji wala udongo, na mahali pengi yamezidi kimo cha mtu. Milango yake ni midogo na mifupi, hata mtu mzima humlazimu kuinama. Ndani yake wazee walilinda watu na mifugo dhidi ya adui wa miguu miwili na wa miguu minne. Hawakuwa na bunduki, lakini walijua kwamba adui wa usiku hushindwa mlangoni.

Mkulima wa leo hahitaji ukuta mkubwa kama ule. Kwa mbweha, yatosha mambo haya:

Kwanza, wana-mbuzi na wana-kondoo walale ndani ya kibanda chenye paa na mlango unaofungwa, si katika ua wa wazi. Wiki za kwanza baada ya kuzaliwa ndizo za hatari kubwa. Mwenye kupanga majike yake yazae wakati mmoja huweza kukesha kwa majuma machache, badala ya kukesha mwaka mzima.

Pili, ua uwe wa wavu wa waya, na sehemu ya chini ya wavu ifukiwe ardhini au iwekewe mawe, kwa kuwa mbweha hupenya kwa kuchimba. Mnyaa uliopandwa kwa kusongamana ni ukuta mzuri, lakini nafasi za chini zizibwe kwa miiba au mawe.

Tatu, banda la kuku liinuliwe juu ya nguzo, na mlango ufungwe kabla ya giza kuingia.

Nne, mizoga, kondo za nyuma za ng'ombe na mbuzi, na matumbo ya mnyama aliyechinjwa yafukiwe katika shimo refu siku ile ile. Harufu ya vitu hivyo ndiyo barua ya mwaliko. Masoko yenye machinjio nayo yana wajibu huo huo. Jaa la mifupa nyuma ya machinjio hulisha mbweha na mbwa wa kata nzima.

Tano, mbwa wa boma awe mlinzi wa kweli, alelewe pamoja na mbuzi tangu utoto, alishwe, na achanjwe.

Kwa fisi, ua uwe mrefu na wa nguvu zaidi, wenye nguzo zilizochimbiwa sana na mlango wa mbao nzito au bati. Katika nchi ya Wamasai, wafugaji wengi wameimarisha maboma yao kwa wavu wa chuma, na hasara za usiku zimepungua. Kijana mmoja wa huko, Richard Turere, alijulikana duniani mwaka 2013 kwa taa zake ndogo za kumetameta, alizozifunga kuzunguka zizi la baba yake karibu na Mbuga ya Nairobi ili kuwatisha simba. Alikuwa ameona kwamba simba huogopa mwanga unaotembea. Tochi ile ile ambayo mwindaji huitumia kutafuta shabaha, kumbe yaweza kulinda zizi bila kufyatua risasi hata moja. Mnyama huzoea taa baada ya muda, kwa hiyo taa isiwe mbadala wa ua ila msaidizi wake.

KICHAA CHA MBWA

Jambo moja zaidi lastahili kutajwa. Mbweha, kama mbwa, aweza kupata kichaa cha mbwa. Mbweha aingiaye bomani mchana bila kuogopa watu, ayumbaye, au atokwaye na mate, asikaribiwe wala asishikwe hata akiwa amekufa. Mtu akiumwa na mnyama wa namna hiyo, kidonda kioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika kumi na tano, kisha apelekwe hospitali siku ile ile akadungwe chanjo. Dalili za ugonjwa huu zikishatokea kwa mtu, kupona ni nadra mno.

Hata hivyo Shirika la Afya Duniani lasema kwamba hadi asilimia 99 ya watu wapatao kichaa hiki huambukizwa na mbwa wa kufugwa. Wataalamu husema kwamba mbwa saba katika kila kumi wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Basi mwenye hofu ya kichaa aanze na mbwa wake mwenyewe. Siku ya chanjo ikitangazwa na idara ya mifugo ya kaunti, amfunge kamba na kumpeleka.

NENO LA MWISHO

Hakuna anayedai kwamba mkulima avumilie hasara akae kimya ili mbweha aishi. Mbuzi wake ni mali yake, na ana haki ya kumlinda. Shabaha yake ni kuamka asubuhi na kuhesabu mifugo yake yote. Idadi ya mbweha walioanguka usiku haimlipii karo mtoto wake. Idadi ya wana-mbuzi waliofika sokoni ndiyo imlipiayo.

Bunduki ikiwa mikononi mwa askari aliyeitwa kwa sababu, kwa ajili ya mnyama mmoja ajulikanaye, ina kazi yake. Lakini ikifanywa kuwa dawa ya kila usiku, itatumia fedha, itahatarisha watoto wa jirani, na mwaka ujao mbweha watakuwa pale pale. Wenye kijiji wakikubaliana wafukie mizoga, wafunge mbwa wao, na wasaidiane kujenga mazizi, boma moja juma hili na jingine juma lijalo, watamnyima mbweha chakula katika kata nzima kwa wakati mmoja, na mnyama asiyepata kitu bomani atarudi kwa panya wake. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Jioni ya leo, kabla ya jua kutua, kila mfugaji azunguke zizi lake na kuutafuta ufa huo.